Kiwanja cha Pwani Hukaguliwa Saa 10 Jioni ya Bamvua

Dalali anayeijua kazi yake hakupeleki kuona kiwanja cha Sahare, Tanga, saa 10 jioni siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Atakupeleka siku hiyohiyo saa 4 asubuhi. Maji yamekupwa, fungu liko wazi, akina mama wanaokota chaza kule mbali hadi wanaonekana kama vijiti, na wewe umesimama kwenye bikoni unajiambia kwamba bahari haiwezi kufika hapa hata iweje. Mpe chai dalali wako, muage vizuri, halafu rudi peke yako saa 10 jioni.

Tunaokaa kandokando ya bahari Tanga, iwe Raskazone, Sahare au vijijini kuelekea Pangani, tumejifunza kuhesabu kabla ya kufanya jambo lolote linalogusa ardhi. Maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kila siku, na kila siku huchelewa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bamvua inapokuja, na kilele chake huwa siku moja au mbili baadaye. Siku hizo maji hujaa kwenye saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa 4, asubuhi na usiku. Ikifika tarehe 8 au 22 ya mwezi wa Kiislamu ni maji mafu, na saa zinageuka: hujaa saa 4, hupwa saa 10. Tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3; wakati wa maji mafu ni kama mita 1 tu. Ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani una ratiba ya bahari ya kutosha kwa shughuli za nyumbani. Mvuvi atataka zaidi, lakini wewe hutoki na ngalawa.

Bamvua nazo hazilingani. Kubwa kupita zote huja mwezi wa 3 na wa 4, kisha mwezi wa 9 na wa 10, jua linapokuwa juu ya ikweta. Ile ya mwezi wa 4 ndiyo ya kuangalia sana, kwa sababu hukutana na masika. Mvua ikipiga kuanzia saa 8 mchana na bahari ikawa inapanda kuelekea saa 10, mtaro wa mtaa hauna pa kumwaga: mdomo wake umezibwa na maji ya bahari. Maji ya mvua yanarudi nyuma, yanaingia uani. Watu hulaumu mtaro mdogo, na kweli mingi ni midogo, ila mvua hiyohiyo ikinyesha saa 4 asubuhi ya siku hiyohiyo maji hukimbia yote ndani ya muda mfupi.

Ukirudi kwenye kiwanja saa 10, tazama mstari wa takataka: majani ya mikoko, makumbi, chupa, vipande vya kamba. Mistari huwa zaidi ya mmoja. Wa chini ni wa leo. Tafuta wa juu kabisa, mkavu, ulioanza kufunikwa na nyasi, kwa kuwa huo ndio wa bamvua kubwa. Kama jirani ana ukuta, angalia plasta yake karibu na ardhi: weupe unaomeguka kama unga ni chumvi iliyopanda kutoka chini. Kisha muulize mtu mzima wa mtaa, asiwe muuzaji wala ndugu ya muuzaji. Swali lenyewe ni fupi:

"Shikamoo mzee. Bamvua ya masika maji hufika wapi hapa?"

"Marahaba. Huo mkungu unauona? Hapo kwenye shina."

Ukipata jibu la namna hiyo, lenye mti na shina, liamini kuliko ramani.

Sheria nayo ina lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka ufukweni shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inaweka ukanda huohuo kwenye ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi, pamoja na maeneo ya mikoko. Kwa hiyo kiwanja "cha kugusa maji" ambacho dalali anakisifia ni kiwanja ambacho sehemu yake nzuri kuliko zote huenda usiijenge. Kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, fanya upekuzi ofisi ya ardhi ya jiji kwa namba ya kiwanja, halafu uende serikali ya mtaa, halafu upime kwa futi kamba kutoka mstari wa maji ya bamvua hadi unapotaka msingi uanze. Kila hatua ina sababu: ofisi ya ardhi inaijua hati, mwenyekiti wa mtaa anawajua watu, na futi kamba haina ndugu.

Kuna kipimo kimoja ambacho wengi hukiruka kwa kuona uvivu, nacho ndicho kinachookoa pesa nyingi kuliko vyote. Chimba shimo la majaribio upana wa kuingia mtu, kina cha mita 2, pale unapodhani choo kitakaa. Lichimbe siku moja kabla ya bamvua. Usilifunike kwa udongo, weka mbao juu watoto wasitumbukie. Siku ya bamvua funga jiwe kwenye kamba, shusha saa 4 asubuhi, weka fundo maji yanapoanzia. Shusha tena saa 10 jioni, kisha saa 12, kwa maana maji ya ardhini huchelewa nyuma ya bahari kidogo. Ukikuta mafundo yamepishana, hata kwa shibiri moja, basi kiwanja chako kinapumua na bahari. Ukikuta kutoka juu hadi kwenye maji hapafiki mita 1, shimo la kawaida la choo halitafaa kitu hapo.

Sababu ni hii. Shimo la kunyonya linafanya kazi kwa kumwaga maji machafu kwenye udongo mkavu ulio chini na pembeni yake. Inatakiwa kuwe na kama mita 1.5 ya udongo usio na maji kati ya sakafu ya shimo na maji ya ardhini. Kwenye nyumba za bondeni, zile zinazopakana na mikoko, maji ya bamvua hupanda hadi ndani ya shimo, na choo ulichokivuta vizuri Jumatatu kinagoma Alhamisi. Mwenye nyumba anaita gari la majitaka, linanyonya, na wiki moja baadaye shimo limejaa tena, kwa kuwa kilichojaa ni maji ya bahari yaliyopenya. Unaweza kuivuta Bahari ya Hindi kwa gari hilo hadi ufilisike.

Dawa yake ni kutenganisha kazi 2. Kwanza tangi la kutulizia uchafu lililojengwa kwa zege au kununuliwa la plastiki, lisilovuja kabisa, lenye vyumba 2. La plastiki lifungwe kwenye bamba la zege chini yake, maana likiwa tupu na maji ya ardhini yakapanda huelea na kung'oa mabomba. Pili, sehemu ya kunyonyea inainuliwa: kitanda cha kokoto na mchanga kilichojengwa juu ya ardhi, kikafunikwa udongo, maji yakipelekwa huko kwa mteremko kama nyumba imeinuliwa, au kwa pampu ndogo kama haikuinuliwa. Ndiyo maana tunawaambia watu waanze kufikiria choo kabla ya sebule. Kuinua msingi wa nyumba nzima kwa kozi 3 za tofali unapoanza ni gharama ya kuumiza mara moja. Kuinua choo peke yake baadaye ni kuweka ngazi ndani ya nyumba ili kwenda haja, na nyumba za namna hiyo zipo.

Kisima ni ndugu wa choo, wala si vizuri wajuane. Sehemu kubwa ya ukanda huu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, mwamba wenye vitundu na mipasuko. Kanuni ya kawaida inasema mita 30 kati ya choo na kisima. Kwenye udongo wa mfinyanzi hiyo inatosha, lakini kwenye mwamba wa matumbawe maji hayachujwi, yanapita kama kwenye bomba, hivyo mita 30 ni mahali pa kuanzia tu. Na ukumbuke kuhesabu choo cha jirani wa upande wa juu pia. Maji ya kisima cha pwani hata yakiwa maangavu kama kioo yachemshwe hadi yatokote au yatiwe klorini kabla ya kunywa. Ya bomba, yanayotoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, ndiyo ya kupikia na kunywa. Ya kisima yaachie choo, deki na kufua.

Kuhusu chumvi kisimani, watu wengi wana imani kwamba ukichimba zaidi utapata maji baridi zaidi, yaani yasiyo na chumvi. Pwani ni kinyume. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu yake kama tui linavyopanda juu. Hesabu ya wataalamu ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 chini yake. Sasa ukiweka pampu kubwa ukashusha maji ya kisima kwa nusu mita tu, umelegeza kifuniko kilichokuwa kinaizuia chumvi mita 20 kwa chini, nayo inaanza kupanda kuelekea kwenye bomba lako. Hairudi chini kwa siku moja, wakati mwingine inasubiri masika 2 au 3. Kisima cha pwani hutolewa maji kidogokidogo: pampu ndogo, nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, tangi juu ya mnara. Wakati wa kupima ni mwisho wa kiangazi cha kaskazi, ule upepo wa mwezi wa 12 hadi wa 3: mwezi wa 2 au wa 3 mwanzoni. Nawa mikono kwa sabuni ya mche. Povu likikataa kabisa na ngozi ikabaki inanata, maji hayo usiyapeleke kwenye zege wala kwenye mchicha.

Mvua husaidia sana. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linakusanya lita 1,000 kwa hesabu, na kama lita 800 kwa uhakika. Ila bati la pwani lina vumbi la chumvi, hasa baada ya wiki kadhaa za kusi, upepo wa kusini-mashariki, bila mvua, kwa hiyo lita 50 za kwanza zipeleke kwenye pipa la pembeni kwanza, pipa likijaa ndipo maji yaelekee tangini. Pipa liwe na kitundu kidogo chini cha kujimwaga taratibu, la sivyo mvua ya pili italikuta limejaa.

Sasa nondo, na hapa ndipo nyumba nyingi za pwani zinapofia.

Simama chini ya lenta ya nyumba yoyote ya zege iliyo karibu na maji, yenye umri wa miaka 10 au 15, utazame kwa juu. Kwanza utaona mstari mwembamba, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, sambamba na ukingo. Ukifuata huo mstari utakuta doa la rangi ya chai limetiririka kwenye plasta. Gonga kwa kifundo cha kidole: pembeni mlio ni mzito, kwenye mstari mlio ni mtupu, kama kugonga kibuyu. Bandua kipande kwa bisibisi, kitatoka kizima kama ganda la nazi, na upande wake wa ndani kina mfereji wa kutu wenye umbo la nondo. Nondo yenyewe ya milimita 12 unaikuta imebaki nyembamba kama penseli, imevaa magamba meusi. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara 2 ya chuma kilicholiwa, na hiyo nafasi inaitafuta kwa kulipasua zege kutoka ndani. Kupiga plasta mpya juu ya mpasuko huo ni kufunika kidonda chenye usaha.

Chumvi hufika kwenye nondo kwa njia 3, na zote zinazuilika siku ya kumwaga zege. Ya kwanza ni mchanga wa ufukweni. Ni marufuku kuuchota bila kibali, unamaliza ufuko, na juu ya hayo umeshachanganyika na chumvi tayari. Nunua mchanga wa mtoni au wa shambani, na lori likija shika konzi moja, weka kwenye glasi ya maji ya kunywa, koroga, acha utulie, onja. Ukisikia chumvi mwambie dereva ageuze gari. Njia ya pili ni maji ya kisima. Ya tatu ni zege kuwa na vitundu na nondo kukaa karibu na nje.

Uwiano unaofaa kwa nguzo, lenta na bimu ni 1 kwa 1.5 kwa 3: saruji, mchanga, kokoto, vipimwe kwa ndoo au sanduku moja lilelile wala si kwa koleo, kwa sababu koleo la asubuhi na koleo la saa 9 mchana havilingani. Saruji iwe ya daraja la 42.5, ile ya 32.5 iache kwa plasta na tofali. Maji kwa mfuko wa kilo 50 ni lita 22 hivi, yaani ndoo moja kubwa na jagi moja, na upunguze kama mchanga umelowa. Hapa ndipo ugomvi na mafundi huanza. Fundi anapenda zege laini linalojimwaga lenyewe. Ataongeza ndoo ya pili ukigeuka. Maji ya ziada hukauka na kuacha vijishimo visivyoonekana, na chumvi hupita humo. Kama zege ni gumu kusukuma, kodi mashine ya kutetemesha.

Nondo ifunikwe na zege la sentimita 5 kila upande, na sentimita 7.5 kwenye msingi. Hili halipatikani kwa kukadiria. Fyatua vitofali vidogo vya zege vya unene huo, mafundi huviita biskuti, vifungwe chini na pembeni ya nondo kabla ya kumwaga. Kokoto iliyowekwa chini ya nondo huteleza fundi akikanyaga. Ncha za waya wa kufungia zikunjwe kuelekea ndani. Ncha iliyogusa ubao wa fomu ndiyo itakayokuwa doa la kwanza la kutu. Halafu zege linyweshwe maji ya bomba siku 7 bila kukosa, likiwa limefunikwa magunia, na wakati wa kaskazi kavu nenda hadi siku 14.

Magofu ya Tongoni, njiani kwenda Pangani, ni mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zilizobaki zimekaa pale karne kadhaa bila nondo hata moja ndani. Hatusemi ujenge msikiti wa kale. Tunasema adui wa nyumba ya pwani ni chuma, na kila chuma unachoweza kukikwepa kikwepe.

Bati basi. Namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 32 ni jepesi kuliko 30, na 30 kuliko 28. Kando ya bahari anzia 28, lililopakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki. Lakini paa huanza kuoza kwenye misumari, kwa hiyo bati zuri lililopigiliwa misumari ya kawaida ni pesa iliyotupwa: kutu ya msumari hula tundu, tundu linapanuka, kusi linaingiza vidole. Tumia skrubu zilizopakwa zinki nzito, zenye kofia na mpira, na kwenye pindo la paa upande wa kusi ziweke karibukaribu kuliko katikati. Mabaki ya kukata bati na vumbi la grainda yafagiliwe siku hiyohiyo. Ukiyaacha, asubuhi umande umeyageuza madoa mekundu juu ya bati jipya.

Grili na geti zinahitaji kalenda zaidi ya rangi ghali. Wakati wa kupaka ni mwezi wa 1 hadi wa 2, kaskazi likiwa kavu. Ukipaka katikati ya kusi, rasharasha ya chumvi inatua kati ya koti la kwanza na la pili, na chumvi iliyofungiwa chini ya rangi huvuta unyevu hadi rangi inavimba malengelenge. Sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, osha kwa maji ya bomba, kikaushe kwa kitambaa, na upake rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo kabla umande haujashuka, kisha makoti 2 ya rangi ya mafuta. Sehemu inayosahaulika ni chini ya geti, mahali bomba la mraba linapokutana na ardhi: toboa tundu dogo la kutolea maji, maana linaoza kutoka ndani. Wavu wa mbu uwe wa plastiki. Makufuli yawe ya shaba, na yatiwe mafuta ya mashine kila mwezi hata kama hayajakwama.

Umeme: soketi zisikae kwenye ukuta unaotazama bahari moja kwa moja, na za nje ziwe na kifuniko. Kiyoyozi, lile boksi la nje liwekwe upande usiopigwa na kusi, na mara moja kwa mwezi lizimwe kwenye swichi kuu na kuoshwa mapezi yake kwa maji ya bomba ya mkondo mdogo. Mwenye pikipiki aoshe mnyororo na kuutia grisi kila wiki. Nguo zinaota koga kabatini wakati wa masika, kwa hiyo kabati lisibanwe ukutani, liachiwe upana wa kiganja. Na chumvi ya mezani italowa. Tia punje za mchele ndani ya kichupa, hakuna aliyewahi kupata dawa bora zaidi.

Nyumba ipangwe kwa pepo. Kusi huvuma tangu mwezi wa 4 hadi wa 10 hivi, likitoka kusini-mashariki, nalo ndilo lenye nguvu na chumvi. Kaskazi hushika kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 3, na hapo joto la Tanga halina mchezo. Madirisha ya kulala yapate pepo zote 2 kwa kuvuka chumba. Jiko liwe upande ambao moshi hautarudi sebuleni wakati wa kusi. Upande wa Raskazone unaotazama ghuba una utulivu kuliko nyumba inayokabiliana na bahari wazi, na tofauti hiyo utaiona kwenye umri wa grili. Mti wa kuvunja upepo ni mvinje. Panda safu 2 zilizopishana, mita 3 kati ya mti na mti, mbali na nyumba, maana mizizi yake haiendi chini sana na ukizeeka hulala. Minazi usiipande karibu na paa wala karibu na maegesho. Kimbunga Hidaya, mwezi wa 5 mwaka 2024, kiliwakumbusha watu wa pwani kwamba tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa ni za kusikilizwa: siku kama hizo makuti makavu na nazi hushushwa mapema.

Ukuta wa kuzuia bahari unaombwa na karibu kila mwenye kiwanja kinacholiwa. Wimbi likipiga ukuta wima halifi, linarudi na kuchimba mchanga mguuni pa ukuta, na linapozunguka pembeni linakula kwa jirani. Baada ya misimu michache ukuta unaning'inia, na jirani hasalimii. Kama mbele yako kuna mikoko, huo ndio ukuta wako. Kuikata bila kibali ni kosa. Ni msitu wa hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ukitaka kurudishia palipokatwa, okota mbegu ndefu za mkoko zilizoanguka zenyewe, chomeka theluthi moja ndani ya tope, mita 1 kati ya mche na mche, siku za maji mafu ili mawimbi yasiing'oe. Kosa kubwa ni kupanda chini mno, kule kunakobaki na maji karibu muda wote. Miche hufunikwa na visimbi, viumbe vidogo vya bahari vyenye gamba, inalemewa, inakufa yote. Fuata usawa wa miti iliyopo, usiivuke kuelekea baharini.

Majirani zako ni wavuvi, nao walikuwepo kabla ya hati yako. Njia ya kushukia pwani isizibwe kwa fensi hata kama ramani inakuruhusu. Weka geti dogo au sogeza ukuta mita 2. Usiku wa giza utaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga baharini kama mtaa, na mbalamwezi ikitoka wavuvi hao hupumzika. Asubuhi za siku hizo za giza ndizo za moshi na harufu kwenye sehemu za kuchemshia na kuanika dagaa, basi ukitaka kupanga nyumba karibu na hapo nenda ukaikague siku hizo, usiikague mwezi mpevu ukadhani mtaa hauna harufu. Samaki mfuate mnadani Deep Sea, soko la samaki la Tanga, asubuhi: jicho limetuna na lina weusi, matamvua mekundu, nyama ukiibonyeza inarudi.

Watoto wakianza kuoga pwani wafundishwe kuburura nyayo wakiwa kwenye maji ya magotini juu ya mchanga. Taa, samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, hujilaza humo, akiguswa ubavuni huondoka. Akikanyagwa mgongoni hurusha mkia. Aliyechomwa atolewe majini, kidonda kioshwe, na mguu uzamishwe kwenye beseni la maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, wewe ukiyapima kwanza kwa kiwiko chako, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, ukiongeza ya moto yanapopoa, kwa kuwa joto hupunguza makali ya sumu yake. Mwiba uliozama sana usiuvute, na aliyechomwa kifuani au tumboni asikae na beseni nyumbani: tafuta bajaji, hospitali ya Bombo si mbali.